Soketi Nyuma ya Meza ya Mapokezi

Saa mbili kasorobo asubuhi mpokezi wa kampuni alikutwa sakafuni nyuma ya meza yake, kiganja kimeungua, mkonga wa simu ukining'inia. Alikuwa hai, lakini hajitambui. Juu yake, ukutani, mtambo mpya wa simu uliendelea kumetameta taa zake za kijani.

Mkaguzi kutoka mamlaka ya mawasiliano alipofika, mkosaji alishapatikana: fundi aliyeufunga mtambo ule, mume wa mpokezi mwenyewe. Askari alikuwa amesimama naye mlangoni.

"Andika ripoti tu, dada, tumalize," alisema bosi. "Kafunga ovyo, kamuunguza mkewe. Leseni anyang'anywe, ndani aende."

"Nikishaona ndipo nitaandika."

Mkaguzi alizima umeme wa mapokezi, akavaa glavu za mpira, akasogeza meza. Adapta ya mtambo ilikuwa na plagi ya miguu miwili, imechomekwa kwenye soketi ya matundu matatu. Ndani ya tundu la juu kulikuwa na kipande cha njiti ya kiberiti.

"Fundi, hii ni yako?"

Fundi alipiga magoti, akaitazama. "Hapana, mama. Yangu ina miguu mitatu na stika yenu ya idhini. Waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, unapita humo humo. Hii ikivuja, umeme unabaki kwenye bati la mtambo ukimngoja mtu aguse."

"Ulitaka aseme nini kingine?" alidakia meneja, mdogo wake bosi.

"Yako utaitambuaje?" mkaguzi aliuliza.

Fundi aliona haya. "Kila skrubu ninayokaza naipaka rangi ya kucha. Ya waridi. Ya mke wangu. Hunigombeza kwamba naimaliza."

Hata askari alitabasamu.

"Na nani alibaki hapa jana jioni?"

Macho yote yakamgeukia dada wa usafi. "Mimi nafagia tu, soketi siigusi," alisema. "Na jana niliondoka mapema. Meneja aliniambia atafunga ofisi mwenyewe."

"Nilikuwa na kazi, kisha nikapitia tawi letu la pili," meneja alisema.

Mkaguzi hakubishana naye. Aliwaongoza wote chumba cha mikutano, kulikokuwa na umeme, akatoa chaja ya miguu miwili mkobani. "Simu yangu inakata roho. Nichomekeeni."

Bosi alisukuma mpaka akatweta. "Haiingii hii."

"Hapo haichomekwi bila plagi ya kugeuzia," fundi alisema.

"Watu wazima mnashindwa na kitu kidogo hivi?" Meneja alichomoa njiti mfukoni, akachokonoa nayo tundu la juu, chaja ikaingia. Kisha akaitazama ile njiti mkononi mwake.

"Kila mtu hufanya hivi," alisema.

"Wengi, ndiyo. Kwa hiyo tuulize tawini, ulikopita jana."

Mkaguzi alipiga simu, akaiweka spika wote wasikie, akamwomba karani wa tawi aangalie skrubu za adapta ya mtambo wao wa simu.

"Zina rangi ya waridi, mama," karani alijibu. "Tunashangaa ni urembo wa nani. Meneja kaileta jana jioni."

Meneja alijibwaga kitini, akakiri. Mtambo wa tawini aliufunga mwenyewe, bila fundi wala kibali, akaunguza adapta yake. Akachukua nzima ya huku, akaweka hii aliyoinunua mtaani. "Ningeirudisha leo mchana."

"Kwa nini hukuniambia?" bosi aliuliza.

"Nikuambie wewe, kaka? Tangu utotoni nikigusa kitu unasema nitakiharibu. Nilitaka mara moja tu uone nimeweza."

Askari alimwachia fundi, akamshika meneja mkono.

Simu ya fundi iliita. Ilikuwa hospitali, na sauti ilikuwa ya mkewe, nyembamba lakini yake.

"Wanasema ni wewe," alisema.

"Na wewe umesemaje?"

"Nimewaambia wakaangalie vizuri. Njoo basi."

Fundi alijifuta macho kwa mkono wa shati, akatoka mbio.

Mkaguzi alibandika utepe mwekundu juu ya mtambo. Bosi aliutazama. "Wateja wangu watanipataje? Simu zitarudi lini?"

"Mwenye leseni akitoka kumwona mke wake," alisema mkaguzi. "Na mzee, usimharakishe."