Haikuwa Sumu, Ilikuwa Homa ya Ini

Nyumbani kwetu tulioka mikate. Mama alikanda unga tangu kabla sijazaliwa. Kaka yangu wa pili alikaa tanurini. Mimi niliuza dirishani.

Kaka huyo watu walimwita Chuma, kwa sababu hakuwahi kulala kitandani kwa ugonjwa hata siku moja. Alibeba gunia la unga begani huku akiimba, tena kwa sauti mbaya. Wateja walimwambia, "Chuma, nyamaza, unga utakataa kuumuka!" Naye alizidisha sauti.

Tulizaliwa watatu. Kaka mkubwa alifariki miaka sita kabla ya haya ninayoyasimulia. Alianza kukonda. Macho yakawa ya njano. Tumbo likajaa maji. Haikupita miezi mitatu tukamzika. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Msibani, baba mdogo alisema, "Kijana mzima haondoki hivihivi. Nani alikuwa anampikia?"

Watu wote wakamtazama wifi, mke wa marehemu. Baba mdogo akaongeza, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Neno sumu halikuhitaji kutajwa. Baada ya wiki mbili wifi alifungasha nguo zake, akamshika binti yake mkono, akaondoka. Mama hakumzuia. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilisogea kidogo ili begi lipite.

Sasa turudi kwa Chuma. Asubuhi moja alilitua gunia katikati ya uwanja. Halikuwa jambo la kawaida.

"Umechoka?" nilimuuliza.

"Gunia la leo limekula kuliko mimi," alijibu, akacheka. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika ubavu wa kulia, chini ya mbavu.

Alisema ni vidonda vya tumbo. Alinunua dawa dukani. Mwezi ukapita. Mkanda wake wa suruali ukatobolewa tundu jipya, kisha jingine. Siku moja aliinama dirishani kunipa trei ya mikate, jua likampiga usoni. Mama aliyaona macho yake. Yalikuwa ya njano.

Mama alikaa chini, juu ya unga uliomwagika.

"Wamerudi," alisema.

"Nani, mama?"

"Waliomlisha kaka yako."

Jirani yetu alikuwa mama mmoja anayefanya kazi maabara, hospitalini. Mtaa mzima ulimwita Mama Darubini. Kila asubuhi alipitia mkate akienda kazini. Siku hiyo alimtazama Chuma mara moja tu, akausahau mkate wake dirishani.

"Huyu aende hospitali leo," alisema. "Si kesho. Leo."

Tulikwenda. Walimtoa damu. Walimpiga picha ya tumbo kwa ultrasaundi. Daktari alituita chumbani, mama, mimi na Chuma mwenyewe.

"Kuna uvimbe kwenye ini," alisema. "Ni saratani. Umeshakuwa mkubwa, na umesambaa. Hatuwezi kuukata."

"Na mikate ya kesho nani atachoma?" Chuma aliuliza. Alitutazama mmoja mmoja, akingoja tucheke.

Daktari aliendelea. Kwenye damu yake walikuta kirusi cha homa ya ini aina ya B. "Familia yote mpime," alisema.

Tulipima. Mume wangu, fundi bomba, hakuwa nacho. Alianzishiwa chanjo. Mama alikuwa nacho. Mimi nilikuwa nacho. Nilikuwa na mimba ya miezi sita.

Jioni hiyo Mama Darubini alikuja kukaa nasi jikoni. Tanuri lilikuwa limezimwa. Chuma alilala kwenye benchi, amekunja magoti.

"Mimi sijaumwa hata mafua," mama alisema. "Nitakuwaje na ugonjwa?"

"Kirusi hiki ni kimya," Mama Darubini alisema. "Ngoja nikueleze. Mwili umejengwa kwa seli. Ni vitu vidogo mno, huvioni bila darubini. Katikati ya seli kuna kiini. Ndani ya kiini kuna uzi mrefu wenye maagizo yote ya mwili. Seli ifanye kazi gani. Igawanyike lini. Ikome lini."

"Uzi mrefu utaeneaje humo?" Chuma aliuliza.

"Umezungushwa kwenye vigololi vya protini, maelfu kwa maelfu. Uzi huo na vigololi vyake, wataalamu wanauita kromatini. Palipokazwa, maagizo hayasomeki. Palipolegezwa, yanasomeka. Ndiyo maana seli ya ini hufanya kazi ya ini, haijaribu kuwa jicho."

"Kirusi kinataka nini humo?" niliuliza.

"Chenyewe hakiwezi kuzaana. Kinaingia kwenye seli ya ini, kinavua koti lake, kinapeleka maagizo yake mpaka ndani ya kiini. Humo maagizo yale yanazungushwa kwenye vigololi vilevile vya kwetu. Seli inadhani ni ya kwake. Inayasoma, inatengeneza virusi vipya."

"Mwizi kavaa nguo za mwenye nyumba," Chuma alisema.

"Tena anakaa mezani, anaagiza chakula. Wakati mwingine kipande chake kinajishona kabisa kwenye uzi wetu. Kinalegeza palipotakiwa kukazwa. Kinakaza palipotakiwa kulegezwa. Na ini lenyewe linaumia na kujijenga upya kila siku, makosa yanarundikana. Mwisho agizo la kukoma halisomeki. Seli inagawanyika, inagawanyika. Huo ndio uvimbe."

"Inachukua muda gani?" niliuliza.

"Miaka ishirini. Thelathini. Hata zaidi. Na muda wote huo mtu anabeba magunia."

Chuma aligeuza viganja vyake, akavitazama. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Mama aliuliza, "Kiliingiaje kwa wanangu?"

"Kinaambukizwa kwa damu na kwa kujamiiana. Pia wakati wa kujifungua, mama humwambukiza mtoto. Anayekipata akiwa mchanga, mara nyingi hakimtoki tena. Mama, hukujua. Hakuna aliyekupima."

"Sikuulizi kama nilijua. Niliwapa mimi?"

Mama Darubini alikaza kitambaa chake cha kichwa. "Inaelekea hivyo. Lakini..."

Mama hakuisikia "lakini." Alitoka nje. Tulimsikia akifagia uwanja ambao ulikwishafagiwa.

Niliweka mkono tumboni. "Na huyu?"

"Huyu tunaweza kumkinga," Mama Darubini alisema, akanishika bega. "Kwenye damu yako virusi ni vingi. Utaanza vidonge sasa, visije vikamfikia. Akizaliwa, achomwe chanjo kabla saa ishirini na nne hazijaisha. Na chanjo za miezi inayofuata asikose hata moja. Kunyonyesha, utamnyonyesha."

"Vikombe na sahani je? Mikate ninayouza?"

"Hakipiti kwenye sahani, wala kwenye mkate, wala kwa kukumbatiana. Wembe na mswaki tu, kila mtu na wake. Wewe na mama yako mtapimwa ini kila miezi sita. Na ukipewa vidonge, usiviache kwa kujiona mzima. Vinazuia kirusi kisizaane, lakini yale maagizo yaliyojificha ndani ya kiini haviyafikii. Ukiacha, yanaamka."

"Na mimi?" Chuma aliuliza.

Mama Darubini alivuta kigoda karibu na benchi lake. "Wewe, mdogo wangu, tutakupunguzia maumivu."

Chuma akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Kwa hiyo shemeji hakumlisha mtu kitu."

Wote tulikuwa tukiliwaza hilo hilo.

Siku ya tatu nilimsindikiza mama kwa wifi. Alikuwa akipiga pasi nguo za watu kwa dobi mmoja. Alituona, akaendelea na shati lililokuwa mbele yake. Mama alimweleza yote akiwa amesimama.

Wifi aliinua pasi. "Miaka sita, mama. Shuleni mwanangu wanamwita mtoto wa sumu."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusikia." Alichomoa waya wa pasi ukutani. "Mtoto anatakiwa kupimwa?"

"Anatakiwa," nilisema. "Na wewe, wifi."

"Tutapima. Lakini kwenu sirudi."

Walipima wote wawili. Hawakuwa nacho. Habari hizo alituletea Mama Darubini. Wifi mwenyewe hakuja.

Chuma aliishi wiki tisa. Wiki za mwisho alikuwa mwepesi hata mimi, na tumbo langu lile, niliweza kumgeuza kitandani peke yangu. Siku moja alijaribu kuimba. Ilitoka pumzi tu. "Sasa mikate itaumuka," alisema. Niliinamisha uso kwenye shuka asinione.

Alifariki mchana, mikate ikiwa tanurini. Yote iliungua.

Msibani watu walijaa kama ile mara ya kwanza. Baba mdogo alisimama, akakohoa. "Wawili sasa," alisema. "Nyumba hii ina mkono wa mtu."

Mama alikuwa chini kwenye mkeka. Aliinuka polepole. Nilidhani anataka maji.

"Mkono wa mtu haupo," alisema. "Ni ugonjwa. Unaitwa homa ya ini aina ya B. Kirusi chake ninacho mimi. Niliwazaa nacho wanangu, sikujua. Yule binti mliyemfukuza, na mimi nikiwamo, hakufanya kosa lolote. Mnataka kumjua aliyeua? Nendeni mkapime. Huenda na nyie mnaye nyumbani."

Kisha mama aliketi, akajifunika khanga usoni, akalia kama mtoto.

Wiki iliyofuata watu kumi na wanne wa ukoo walipima. Watatu walikutwa nacho, mmoja wao msichana wa miaka kumi na tisa. Wote waliingizwa kwenye kliniki, maini yao yakiwa bado mazima. Wengine walipewa chanjo. Baba mdogo alikwenda wa mwisho, bila kumwambia mtu.

Mimi nilijifungua binti. Alichomwa sindano akiwa na saa mbili duniani. Alilia, na mimi nikalia naye. Chanjo nyingine alizipata kwa tarehe zake. Hatukukosa hata moja.

Alipotimiza mwaka tulimpeleka kupimwa damu. Mama alitaka kuja. Tulikaa kwenye benchi la kliniki mpaka muuguzi alipotoka na karatasi.

"Hana kirusi," alisema. "Na kinga anayo ya kutosha. Hongereni."

Nilimkumbatia mwanangu mpaka akalalamika. Mama hakutabasamu. Alimtazama muuguzi.

"Hii sindano," aliuliza, "nilipowazaa wanangu wa kiume ilikuwepo?"

Muuguzi alimwuliza walizaliwa miaka gani. Mama akamtajia. Muuguzi aliinamisha macho kwenye karatasi.

"Ilikuwepo, mama," alisema. "Hapa kwetu ndiyo ilikuwa haijafika."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha mikono, akamchukua mjukuu wake, akamfunga mgongoni kwa khanga, tukatoka.