Maumivu Yaliyopanda Kutoka Shingoni

Kila akitoka shule, Kipa huvua sare, hula, kisha huketi sakafuni kibandani kwa shangazi yake, fundi cherehani, kumshonea vifungo na pindo. Jina la Kipa alipewa na wenzake, maana mpira ukija golini kwao, haupiti. Nguo huilaza mapajani, huinama mpaka kidevu kiguse kifua. Wote kibandani mle walishona hivyo, na hakuna aliyeona kosa.

Wiki moja shingo ikaanza kumkaza. Maumivu yakapanda kisogoni, yakapita nyuma ya sikio, yakatua juu ya jicho. Kipa akanyamaza. Jumamosi ilikuwa fainali, na alijua akifungua mdomo tu, mwalimu wa michezo atamweka benchi.

Lakini kaka yake, kinyozi wa kibanda cha pili, alimwona akaangua kicheko.

"Mbona unatembea kama umemeza rula? Njoo nikuzungushe shingo. Ikilia 'ka!' umepona. Wateja wangu wote nawafanyia."

Kipa akakaa kitini. Kaka alikuwa ameshamshika kidevu, ndipo shangazi akatokea mlangoni.

"Weee! Toa mikono! Unadhani hicho ni kifuniko cha chupa?"

"Namsaidia tu, shangazi."

"Utamsaidia mpaka umlemaze! Kipa, twende zahanati."

Daktari alikuwa mama mmoja asiye na haraka. Akauliza kama kuna homa, kutapika, au ganzi mikononi. Kipa akajibu hapana, na ilikuwa kweli.

"Je, umeanguka siku za karibuni?"

Mazoezini Kipa alikuwa ameruka kudaka, akagonga nguzo ya goli kwa bega na kichwa. Akisema, fainali ndiyo imekwenda. Akatazama viatu vyake.

"Niligonga nguzo," akasema, machozi yakimlengalenga.

"Umefanya vizuri kuniambia, mwanangu."

Daktari akampapasa shingo, akampima nguvu za mikono, akammulika macho.

"Mifupa ni mizima. Misuli ya shingo imechoka kwa kuinama, na huko kugonga kumeiongezea. Imeungana na ya kisogo, ndiyo maana na kichwa kinauma. Mkandeni kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Ashonee mezani, ainuke mara kwa mara. Mpira apumzike kwanza. Akipata homa au ganzi, mrudi mbio. Na asizungushwe shingo na mtu!"

Fainali Kipa aliitazama kutoka benchi. Wakafungwa bao moja, akalia kwelikweli. Aliporudi kibandani akakuta meza ndefu. Kaka alikuwa ameitoa kibandani kwake ili Kipa ashonee, anaifuta vumbi.

Mwezi uliofuata Kipa alikuwa golini tena, anageuza kichwa huku na huko bila maumivu. Jioni ile shangazi akamwambia, "Fainali nyingine itakuja, lakini shingo ya pili hupewi. Mwili ukikulalamikia, useme mapema. Na daktari akikuuliza, mwambie yote, hata lile linalokuuma kulisema. Atatibu vipi ulichomficha?"