Simu Kutoka Chuoni

Kila Jumamosi asubuhi baba alikaa kizingitini akinoa kisu cha kukatia kwato, naye bintiye akichemsha sindano. Baba alikuwa daktari wa mifugo. Binti walimwita Kasuku, kwa kuwa habari ikiingia sikioni hutokea mdomoni. Kazi yake nyingine ilikuwa kupokea simu.

Jumamosi moja simu ikalia. Namba ngeni. Baba akapunga mkono: sipo! Msimu huo kila mwaka, wanafunzi wa chuo alichosoma baba waliwapigia wahitimu kuwaomba mchango. Mwaka wa tisa huu baba anajificha.

"Baba hayupo," Kasuku alisema. "Amekwenda kuzalisha ng'ombe."

"Na huyo ninayemsikia akinoa kisu ni ng'ombe?"

Kasuku nusura aangushe simu. Mpigaji alikuwa dada yake, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo hicho hicho.

"Leo zamu yangu kupiga, nikakuta jina la baba kwenye orodha." Akashusha sauti. "Mdogo wangu, karo yangu inatoka mfuko wa wahitimu. Mwaka huu umekauka. Tuko sita wa kurudishwa nyumbani mwisho wa mwezi. Usimwambie baba, atakosa usingizi."

Kasuku alinyamaza mpaka jioni, hata baba akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Ndipo akalia, akasema yote.

Baba aliketi. "Nilijua chuo kinamfadhili. Sikuuliza chuo kinapata wapi. Hata mimi, buti zangu za kwanza za zizini nilinunuliwa na mhitimu nisiyemjua. Nikajiambia changu kidogo, watatoa wenye navyo. Haba na haba hujaza kibaba, nami haba yangu nimeikalia."

Akampigia dada, akaahidi mchango wa kila mwaka. Kisha akaanza kuwapigia aliosoma nao. Simu ya tatu ikapokewa na mtoto. "Baba hayupo." Nyuma yake mtu akakohoa.

"Mwambie huyo anayekohoa," baba alisema kwa upole, "hata mimi nilijificha. Leo anayefukuzwa ni mwanangu."

Mwisho wa mwezi, wanne kati ya wale sita walibaki chuoni, dada akiwamo. Wawili walifunga virago.

Baba hakushangilia. "Wale wawili tumewaangusha sisi tuliojificha," alimwambia Kasuku. "Aliyevushwa mto asiwanyime wengine mtumbwi, hata kama anachoweza kuchangia ni kasia tu. Nawe nisamehe, mwanangu. Nilikufundisha uongo bila kufungua mdomo. Simu ikilia nami nipo, niletee."