Nilimwita Mama Notburga

Jioni ile nilitoka kuchota maji ya kuoshea vifaa. Nilikuwa nesi mgeni katika zahanati ya ufukweni mwa ziwa, chini ya kijiji cha Lituhi, bado sijazoea kushika sindano. Mama Notburga, nesi mkuu na mlezi wangu kazini, alikuwa amepanda boti kufuata chanjo.

"Nitarudi kabla ya giza, mwanangu," aliniaga.

Niliporudi na ndoo nikamkuta Winifrida, mjamzito wa pale kijijini, mlangoni, uchungu wa kuzaa umembana. Mtoto alitoka salama. Kondo la nyuma likafuata. Kisha damu...

Haikukoma.

Nilimchoma sindano ya kuzuia damu. Bado. Shuka likalowa, damu ikadondoka sakafuni. Tone. Tone. Macho ya Winifrida yakaanza kulegea. Nikapiga kelele kama mtoto.

"Mama Notburga! Njoo!"

Mlango haukulia. Lakini harufu ya majani ya ziwani ilijaa chumbani, na nyuma yangu nikasikia maji yakichuruzika.

"Sugua tumbo, Yuliana." Ilikuwa sauti yake, ya chini, kama ya mtu aliyeishiwa pumzi. "Kwa nguvu."

"Mama, damu..."

"Usigeuke. Sugua."

Mikono yake ikakaa juu ya yangu. Baridi... baridi ya kuingia mifupani. Tukasugua pamoja mpaka tumbo likakaza, damu ikakata.

"Umeweza, mwanangu."

Nikageuka.

Hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa imelowa maji.

Winifrida alifumbua macho. "Nesi... yule mama mbona alikuwa analia?"

Asubuhi akaja Ladislaus, mwenye boti, amejifunika blanketi. Mawimbi yaliwapindua. Yeye na Mama Notburga waling'ang'ania ubavu wa boti mpaka jua likazama, na wavuvi walikuwa wameshawaona, wanakuja.

"Tulikuwa tumepona, nesi," alisema, akikwepa macho yangu. "Ghafla akainua kichwa kama ameitwa. Akasema, 'Binti yangu yuko peke yake kule.' Akaachia."

Hatujampata mpaka leo.

Siku hizi nami nalea manesi wapya. Hali ikiwa mbaya, waniite mimi kwa sauti yoyote. Jina la Mama Notburga nimewakataza, na sababu sijawaambia.

Ila damu inapogoma kukata, jina hilo hunipanda mpaka kooni. Nang'ata midomo. Naogopa atakuja.

Asipokuja, nalia.