Pumzi Ndani ya Pikapu

Jua lilikwisha zama na ukungu ulikuwa unashuka wakati fundi alipofunga gereji. Alikuwa ameshanawa mikono, anawaza chai tu, simu ikaita.

"Fundi, pikapu imegoma," alisema dereva asiyemjua. "Ya dizeli. Nadhani ni hii baridi. Niko nyuma ya hospitali, na nina mzigo."

Baridi ilikuwa ya kung'ata masikio. Fundi alibeba mfuko wa spana na betri ya akiba, akaenda.

Mzigo ulikuwa jeneza.

Kando yake alisimama mwenye pikapu, mwanamume aliyeinua kola ya koti. Alipogeuka, fundi alimtambua. Shemeji yake! Mume wa mdogo wake, yule ambaye tangu amwoe hakutaka ndugu wa mke wakanyage kwake.

"Nani humo?" fundi aliuliza.

Shemeji alitazama viatu vyake. "Tulikutafuta kwa simu. Hukupatikana."

Simu ileile dereva aliipata mara moja.

Fundi hakulia. Alifungua boneti, maana mikono ilitaka kushika kitu, na kama si spana ingekuwa shingo ya mtu.

"Ilikuwaje?"

"Baridi, shemeji. Alilala na jiko la mkaa chumbani. Mimi nilikuwa safarini."

Fundi aliunga betri ya akiba. Stata ikazunguka kwa nguvu, injini haikushika. Akalegeza nati ya filta na kupampu kwa mkono. Dizeli ikatoka safi, haijaganda, haina povu la hewa. Akachomoa plagi za kupashia joto, akazijaribu kwa waya moja baada ya nyingine. Zote ziliiva nyekundu. Akazirudisha. Bado, kila dereva alipopiga stata, ekzosi ilitema moshi mweupe, mzito... kisha kimya. Dizeli inafika, lakini haiungui. Imekosa joto. Au imekosa hewa.

Hewa.

Alivua bomba la kuvuta hewa, akaziba mdomo wa bomba kwa kiganja. "Piga!"

Injini ikizunguka, huvuta. Kiganja hunaswa pale. Hilo halihitaji ufundi kulijua.

Hii ilipumua.

Pumzi ya joto, yenye unyevu, ilimgonga kiganjani. Ikakatika. Ikarudi... Harufu ya mkaa ikapanda, ile ya kuumiza kichwa, na ndani yake mafuta ya nywele ya mdogo wake.

"Acha stata," alinong'ona.

"Nimeshaacha, fundi." Dereva alikuwa nyuma yake, funguo mkononi, meno yanagongana.

Bomba liliendelea kupumua.

Fundi aliinama hadi sikio likagusa chuma. "Kwani ulishindwa kufungua mlango?" aliuliza taratibu, kama anayemwamsha mtoto.

Ikatoka sauti ya koo lililokauka...

"Ulifungwa kwa nje, kaka."

Shemeji aliacha kutazama viatu.

Injini ikawaka. Yenyewe! Ikanguruma kwa utulivu, kama gari lililoshinda juani.

Walimzika. Kesho yake fundi alikwenda polisi. "Nani amekuambia mlango ulifungwa?" afisa aliuliza. Fundi akamtaja dereva kuwa shahidi. Dereva alipoulizwa, aliapa kwamba alisikia injini tu. Na chumba kilikuwa kimeshapakwa rangi, mlango umeshabadilishwa.

Msimu wa baridi uliporudi, mwanamke kijana alileta pikapu ileile gereji. Asubuhi inasumbua kuwaka, alisema. Gari la mume wake. Fundi alikuta plagi mbili zimekufa, akaweka mpya. Akatia kiganja kwenye bomba la hewa. Likavuta kama kawaida. Alisubiri, akiita kimoyomoyo. Hakuna aliyeitika.

"Nyumba yetu ina baridi, jamani!" mwanamke alisema akijikunyata. "Bahati yangu mume ananijali. Kila usiku huniletea jiko la mkaa mpaka chumbani."

Spana ilimponyoka fundi. Akamweleza yote, hakuficha hata ile sauti. Mwanamke alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Pole, kaka," alisema. "Mume wangu aliniambia utasema hivyo."

Akapanda, akazungusha ufunguo. Gari liliwaka mara moja.