Doa la Buluu Kwenye Kioo cha Shangazi

Kila nilipotoka shule nilipitia karakana ya shangazi yangu, fundi vioo, nikafuta vumbi na kupanga fremu. Aliniita Kiherehere, nami sikuwa na la kujitetea.

Ijumaa hiyo mezani palikuwa na kioo kipya, kipana kama daftari. Ndani yake mlikuwa na utando mwembamba. Ukiunganisha nyaya zake na betri ndogo ya tochi, kioo kiligeuka buluu polepole na kupunguza mwanga. Ukizigeuza nyaya, kilirudi kuwa angavu. Daktari wa macho alitaka madirisha ya namna hiyo, kwa sababu jua liliwaumiza wagonjwa wake. Kesho yake shangazi angempelekea akione, na kilikuwa hicho kimoja tu.

“Kinachukua dakika tano. Usikiharakishe,” shangazi alisema, akaenda kupima mlango wa jirani.

Mdogo wangu akaja, nami nikataka kumringia. Hata dakika mbili hazijaisha, akapiga miayo.

“Dada, hiki si kioo, ni kinyonga mgonjwa.”

Maneno yale yalinichoma. Nikaziunganisha nyaya na betri ya gari iliyokuwa chini ya meza. Kioo kikawa buluu mara moja, mdogo wangu akapiga makofi. Nilipozigeuza nyaya, pembeni kulitakata, lakini katikati lilibaki doa la buluu. Nikasubiri, nikafuta kwa kitambaa, wapi! Niliogopa kwelikweli.

Shangazi aliporudi alilitazama doa, akasonya. “Kiwanda kimeniletea kibovu. Ngoja niwapigie, leo watanitambua.”

Ningeweza kunyamaza. Lakini mtu asiyejua lolote alikuwa karibu kugombezwa kwa kosa langu, na simu ilikuwa tayari sikioni.

“Shangazi, usiwapigie. Ni mimi. Nilitumia betri ya gari.”

Aliiweka simu chini. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. “Kesho tutakwenda wote,” alisema. “Daktari utamweleza wewe.”

Asubuhi nilimweleza daktari yote. Kisha nikakijaribu kioo kwa betri ya tochi, tukasubiri dakika tano nzima. Daktari aliligusa lile doa.

“Na wauguzi wangu wakikosa subira kama wewe?”

“Nyaya nitazifunika ukutani,” shangazi akajibu. “Wao watabonyeza kitufe tu.”

Daktari akatikisa kichwa kukubali. “Fundi aliyekutangulia aliniambia kioo chake hakiharibiki kabisa. Ninyi mmenionyesha kinavyoharibika. Nitawapa ninyi kazi.”

Kisha akanigeukia. “Hapa huja watu wanaoapa kwamba wanaona vizuri, mpaka wanajigonga mlangoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Kosa likisemwa mapema hupata dawa, kama jicho.”

Shangazi akatoa futi mfukoni, akanikabidhi mbele ya daktari.

“Pima dirisha,” alisema. “Nitakata kioo kwa vipimo vyako.”