Sikio la Emérance na Barafu ya Chumvi

Jumatano ile Gertrude aliamka mapema. Alifagia kiwanja, akaosha sahani, akawasha makaa ndani ya mbabula, jiko lake dogo la bati. Juu ya moto akaweka sufuria ndogo ya maji yenye sindano ndani. Hapo Kikula, mtaa wa Likasi, ndiye aliyekuwa akiwatoboa wasichana masikio. Kwanza alikuwa akiweka barafu, ili ngozi ife ganzi.

Siku hiyo alikuja Emérance, binti ya kaka yake Casimir. Jumamosi angefunga ndoa na Lambert. Mama mkwe wake alikuwa ametuma hereni za dhahabu kutoka Mwadingusha, na neno moja: "Bibi arusi azivae kanisani."

"Tantine, itauma?"

"Eh, weye! Jumamosi utakuwa bibi ya muntu, na unaogopa shindano ya kutoboa sikio?"

Barafu ilitoka kwa Damas, mwenye baa. Juzi Gertrude alimwona akimwaga chumvi juu ya barafu.

"Damas, juu ya nini unatupa mumunyu humo?"

"Mama, mumunyu inaongeza baridi. Bia inakuwa tayari mbio mbio."

Gertrude akawaza: kama chumvi inafaa kwa chupa, itafaa kwa sikio. Mtoto hatasikia kitu.

Basi akazungusha kitambaa kinene mkononi mwake, maana barafu ile ilimuuma vidole. Akaipaka chumvi. Akaibana kwenye sikio la kushoto la Emérance.

"Tantine, inachoma!"

"Vumilia."

"Inachoma sana!"

"Vumilia, mama. Ni kidogo tu."

Baadaye Emérance akatulia. "Haichome tena. Sikio haisikie kintu."

"Njo vizuri, hautasikia shindano!" Gertrude akaondoa barafu, akanyoosha mkono kuchukua sindano. Mkono ukasimama njiani. Sehemu ya chini ya sikio ilikuwa imepauka kama nta ya mshumaa. Akaibonyeza. Ilikuwa ngumu. Akaifinya kwa kucha.

"Unasikia?"

"Unafanya nini? Tantine, sisikie kintu."

Gertrude akashtuka. Je, sikio likioza? Atamwambia nini Casimir? Akamshika msichana bega, akamvuta kwenye mbabula. "Kuya karibu na moto! Mbio!"

"Acha! Usimupeleke kwa moto!"

Alikuwa jirani yake, Angèle, muuguzi wa dispensari, aliyezoea kumwita Yaya, yaani dada mkubwa. Alikuwa akipita na ndoo ya maji, akasikia kelele. Aliitua ndoo, akaangalia sikio.

"Uliweka nini, Yaya Gertrude?"

"Barafu. Na mumunyu."

"Mumunyu inafanya barafu ikuwe kali kupita. Nyama ya sikio imeganda. Na ngozi haisikie. Ukiiweka kwa moto, itaungua na mutoto hatajua. Usiisugue pia. Lete maji ya vuguvugu."

Gertrude alichanganya maji kwenye beseni. Angèle akatia kiwiko ndani, kama anayetaka kuogesha mtoto mchanga. "Bado moto. Ongeza ya baridi." Kisha akachovya kitambaa safi, akafunika sikio. Kitambaa kilipopoa, akakichovya tena. Tena na tena, karibu nusu saa.

Ghafla Emérance akapiga kelele. "Inauma! Mama yangu, inauma!"

"Lia, mama, lia," Angèle akasema. "Damu inarudi."

Sikio likawa jekundu. Gertrude akakaa chini.

"Malengelenge ikitoka, usipasue," Angèle akasema. "Kesho alete sikio kwa dispensari. Na kutoboa, hapana, mpaka ipone kabisa."

"Na hereni? Na mukwe?"

Angèle akautazama mkono wa Gertrude, ambao bado ulikuwa na kile kitambaa kinene. "Yaya, mukono yako uliifunika. Sikio ya mutoto, hapana?"

Gertrude akakivua kitambaa.

Jumamosi, mbele ya kanisa, alimfuata mama mkwe yeye mwenyewe. "Mama, kosa ni yangu. Bibi arusi haiko na hereni." Akaeleza yote. Yule mama akaligeuza sikio la Emérance polepole.

"Sikio hii sasa ni ya mutoto wetu," akasema. "Dhahabu haioze. Itangoja."

Sikio lilipona baada ya wiki nyingi. Ndipo Emérance akarudi, na Angèle akaja kuangalia.

Gertrude alinawa kwa sabuni. Aliosha sikio kwa sabuni pia, maana barafu haiui vijidudu. Sindano ilichemka dakika ishirini. Barafu, bila chumvi, aliifunga ndani ya kitambaa safi. Aliiweka sikioni dakika moja, akainua, akaangalia. Kama ngozi ingepauka au kuwa ngumu, angeacha hapo hapo. Ilikuwa nyekundu kidogo. Akatoboa.

"Aïe!"

"Imepita," Gertrude akasema, akafanya vivyo hivyo kwenye sikio la pili.

Matundu yote mawili yalipona bila usaha. Tangu siku hiyo, msichana akija, Gertrude hufunga barafu, kisha huiweka kwanza kwenye shavu lake mwenyewe. Wasichana hucheka.

"Cheka tu," huwaambia. "Kama miye siiwezi, weye hautaiweza."